Bendera Tano Kifuani

Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2019, katika daftari la mitihani ya lugha la idara ya wahudumu wa ndege, mstari wa kumi na moja, mhudumu mwenye namba ya kazi 0417 aliandikwa kuwa amefeli Kireno. Ilikuwa mara yake ya tatu. Daftari lipo hadi leo, kwenye kabati la chuma, rafu ya pili, na anayetaka kuhakikisha anaweza kwenda kulisoma. Atakachokosa kukikuta humo ni kwamba 0417 amejibizana kwa Kireno, amebembeleza kwa Kireno na amemsingizia mdogo wake makosa kwa Kireno tangu akiwa na miaka saba.

Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba tisa, nyuma ya uwanja wa kuegesha malori. Walilala humo wauza vipuri, mafundi wa mitambo na wachuuzi wa vitambaa, watu waliokuja kwa siku tatu wakakaa wiki tatu. Mama hakujua lugha yao hata moja na hakuwa na nafasi ya kujifunza, kwa hiyo kazi hiyo alimpa binti. Mgeni alifika mapokezi akasema shida yake, mtoto akasikiliza, akaondoka, akarudi na kitu mkononi. Akirudi na taulo wakati mgeni ametaka ndoo, mama alimpiga jicho, na jicho la mama lilikuwa mtihani usiokuwa na marudio. Kwa mtindo huo alijua Kireno, Kiarabu na Kifaransa cha kumtosha mtu kuishi kabla hajajua kugawanya kwa desimali. Wageni walimwita Mkalimani. Jina likamganda, akaenda nalo shule, na miaka ishirini baadaye akapanda nalo ndege.

Ndani ya kampuni ya ndege jina hilo liligeuka kuwa utani. Kila mhudumu anayejua lugha ya ziada hubandikwa beji ndogo ya bendera juu ya mfuko wa kushoto, na Mkalimani mfuko wake ulikuwa mtupu. Wenzake walimuuliza kama bendera zake ziko kwa dobi. Aliwajibu kwamba ziko, na dobi amekataa kuzifua kwa sababu haoni uchafu. Walicheka. Yeye hakucheka sana, kwa sababu kanuni ilikuwa wazi: mhudumu asiyepata hata bendera moja katika mitihani minne anashushwa, anapangiwa kazi za uwanjani, na haruki tena. Mtihani wa nne ungekuwa Jumanne ya tarehe 17 Septemba. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuitaka.

Lazima ielezwe jinsi mtihani wenyewe unavyofanyika, maana mtu asiyeujua atadhani Mkalimani alikuwa mzembe. Mtahiniwa anaingia chumba namba sita. Mezani kuna kipaza sauti na kadi ngumu iliyofunikwa kwa plastiki. Kadi ina matangazo matatu: la kuwakaribisha abiria, la mikanda na milango, la kuwaaga. Mtahiniwa anasoma, mtahini anasikiliza, anatia alama. Hakuna anayemuuliza mtahiniwa kitu. Hakuna anayemwambia kwamba mtoto ametapika kiti cha dirishani au kwamba bibi wa safu ya tisa amepoteza meno yake ya bandia. Alama sabini kati ya mia ni za kitu kinachoitwa sauti ya kampuni: polepole, laini, yenye kupanda kidogo mwishoni, kama mtu anayetangaza manukato. Alama thelathini ni za kufuata kadi neno kwa neno.

Sauti hiyo Mkalimani hakuiweza, au hakuitaka. Mama yake anashikilia kwamba ni la pili. Alisoma Kireno kama kinavyosemwa na watu wenye njaa, haraka na kwa tumbo. Kadi nayo ilikuwa na dosari. Aliyeifasiri miaka hiyo, na hakuna anayemkumbuka, aliwaambia wasafiri wa Kireno kwamba milango ya dharura imefungwa kwa usalama wao. Mara tatu Mkalimani alifika kwenye mstari huo, na mara tatu akasema inavyotakiwa kusemwa, kwamba milango iko minane na inafunguliwa hivi. Mara tatu mtahini akaandika: hafuati kadi. Aliwahi kupeleka barua kuhusu kosa hilo. Alijibiwa kwamba hakuna msafiri aliyelalamika, na kwamba wasafiri wa Kireno wanajulikana kwa uchangamfu, kwani hucheka kila tangazo hilo linaposomwa.

Mtahini alikuwa Bendera Tano.

Bendera Tano alikuwa mhudumu mwandamizi, mrefu, mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Kifuani alibeba Kireno, Kiarabu, Kifaransa, Kichina na Kihindi. Jina la utani alilipenda. Alijitambulisha nalo kwenye sherehe za ofisi. Picha yake ilitundikwa ukutani kwenye chumba cha mafunzo ili wanafunzi wapya wajue wanakokwenda. Kadi zote tano alizihifadhi kichwani kwa kusikiliza kanda, kama mtu anavyohifadhi wimbo, na alizitoa bila kukosea silabi. Ukimtoa nje ya kadi alikuwa bubu mwenye meno mazuri. Lakini hakuwa mjinga, na kwa ajili ya hatari hiyo alikuwa na mbinu. Msafiri akimsemesha, aliinama, akamtazama machoni, akaitikia kwa kichwa mara mbili, kisha akatoa sentensi ya mwisho ya kadi, ile ya kuaga: ni furaha yetu kukuhudumia. Kwa lugha zote tano. Watu wengi wanataka maji au blanketi, na maji na blanketi havihitaji lugha. Mbinu hiyo ilimfikisha miaka kumi na mmoja.

Mwezi Agosti walipangwa safari moja, ya mchana, ya muda wa saa tano hewani. Mkalimani alikuwa na safu za nyuma, kuanzia ishirini na tano. Bendera Tano alikuwa na za katikati. Safu ya kumi na tisa, kiti cha njiani, alikaa mwalimu mstaafu, mama wa umri wa kuitwa bibi, anayesema Kireno na Kiingereza cha salamu tu. Alipoona bendera kifuani mwa kijana yule alipata amani, akafungua mkoba, akatoa pochi yenye chupa nne za dawa ya sukari, dozi ya mwezi mzima. Alimweleza taratibu, kwa mtindo wa walimu, kwamba safari yake ni ndefu, bado ana ndege nyingine mbele, na dawa inatakiwa mahali pa baridi lakini isigusane na barafu, maana ikiganda imekufa.

Bendera Tano aliinama. Akaitikia kwa kichwa mara mbili. Akasema ni furaha yetu kukuhudumia.

Kisha akaenda jikoni mwa ndege, akavuta trei ya juu ya toroli la vinywaji, mahali panapowekwa barafu kavu, akaichomeka pochi katikati ya vipande viwili. Alitaka sifa, aliona mama wa watu anapewa baridi kuliko baridi yote iliyomo ndani ya ndege. Hata vikasha vya dawa vilichorwa alama ya theluji iliyokatwa kwa mstari mwekundu, mchoro ambao kuusoma hakuhitaji bendera.

Dakika arobaini kabla ya kutua aliirudisha pochi juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe tatu. Ilikuwa ngumu kama tofali. Mwalimu aliishika, akaiachia, akasema maneno. Bendera Tano akamwambia ni furaha yetu. Mwalimu akasema tena, safari hii akiwa amemshika mkono, na kijana akaitikia kwa kichwa mara mbili. Hapo yule mama akabonyeza kengele na hakuondoa kidole mpaka Mkalimani alipofika kutoka nyuma.

Mkalimani alichuchumaa kando ya kiti na kumwamkia. Walizungumza dakika kumi. Hakuwa na la kufufua dawa, lakini alipeleka ujumbe kwa rubani ili daktari wa uwanja awepo mlangoni, akaandika kwenye karatasi jina la dawa na kipimo chake, na akamweleza mwalimu atakayempokea ni nani. Mwalimu alimuuliza amezaliwa wapi hata akaongea hivyo. Akamjibu amezaliwa mapokezi. Wakacheka wote wawili, kidogo. Kisha yule mama akauliza kama jambo hili litaandikwa, kwa sababu yeye ni mzee na hana nguvu za kufukuzana na ofisi. Mkalimani akamwahidi kwamba ripoti ataiandika mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Hakuiandika.

Walipotua, abiria waliposhuka, Bendera Tano alimkuta akikagua mikanda. Hakumtisha. Alimwita dada yangu, akamwambia siku ilikuwa ndefu, mama wa watu amepata daktari, mambo yameisha, ya nini kuamsha makaratasi. Akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Septemba imekaribia. Fomu ya ripoti ilikuwa mfukoni, imeshaandikwa tarehe. Alifika nayo nyumbani, akaitia chini ya kitambaa cha meza, na kwa wiki tatu alikula juu yake.

Mama yake ndiye aliyeiona, alipokuwa anabadilisha kitambaa. Nyumba ya wageni ilikuwa imefungwa siku nyingi, ila mama bado anakunja shuka kama zinasubiriwa na vyumba tisa. Alisoma tarehe, akaona pengine pote patupu, akauliza ni nini. Alipoelezwa hakukemea. Alisema binti yake ameota vinundu vya kiburi mahali pasipotakiwa. Kadi ya watu, wameiandika wenyewe, aisome ilivyo, apewe kibendera chake, aendelee na safari zake. Mkalimani akamwambia kadi inasema milango imefungwa.

“Basi waambie imefungwa, mwanangu. Ndege ikianguka utawafungulia.”

“Na hii ya mwalimu?”

Mama alikunja shuka mpaka mwisho kabla ya kujibu. “Hiyo ni nyingine. Kadi si yako. Hii ulimwahidi mtu.”

Barua ilikuja wiki ya pili ya Septemba. Ilikuwa kurasa mbili za mwandiko wa mkono, ulionyooka kama uzi, kwa Kireno. Ofisi ya malalamiko haikuwa na mtu wa kuisoma, ikafanya kile ambacho ofisi yenye utaratibu hufanya: ikatazama orodha ya bendera, ikampelekea Bendera Tano pamoja na maelekezo kwamba tafsiri kamili, yenye sahihi ya mfasiri, iwe mezani kwa mkuu wa idara saa saba mchana.

Ilikuwa Ijumaa. Mkalimani alikuwa kwenye chumba cha wahudumu akipiga kiwi viatu, akingoja zamu. Bendera Tano alivuta kiti akakaa karibu, akaweka barua mezani juu ya kopo la kiwi. Haikuwa mara ya kwanza. Barua nne za shukrani Mkalimani alikuwa ameshamfasiria, na zote zilifika juu na sahihi ya Bendera Tano.

“Nisaidie dada yangu,” alisema. “Macho yangu leo yamechoka.”

“Yamechoka Kireno tu, au na Kichina?”

“Wewe nawe. Ni barua ya shukrani, mistari miwili mitatu. Nisomee, mimi naandika.”

Mkalimani alisoma kimya ukurasa wa kwanza. Akaugeuza. Alipofika katikati ya wa pili aliacha kusoma, akaanza upya kutoka juu, na Bendera Tano, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusoma nyuso za watu, akaacha kutabasamu.

Akamsomea kwa sauti ya kawaida, sentensi baada ya sentensi. Mwalimu aliandika kwamba alilala hospitali siku mbili katika mji asioujua na akakosa ndege yake ya pili, na kwamba hakuwahi kumzika kaka yake. Alifika udongo umeshatulia. Aliandika kwamba hamchukii kijana yule kwa kutojua Kireno, kwani watu wengi duniani hawakijui na wanaishi vizuri. Anachokichukia ni ile bendera. Bila bendera angeishika dawa yake mwenyewe mapajani, saa zote tano. Kisha ukaja mstari aliokuwa ameurudia: mhudumu mwingine, binti anayeongea kama watu wa kwetu, aliniahidi kuwa ataandika ripoti siku ile ile, naomba kujua aliandika nini.

Chumba kilikuwa na watu wengine watatu, na wote waligundua kwamba viatu vyao vinahitaji kufungwa upya kamba.

Bendera Tano alikuwa mwepesi. Hesabu ilikuwa imekamilika kichwani mwake kabla Mkalimani hajaweka karatasi chini. Alivuta kiti karibu zaidi, akashusha sauti, ikawa ile ya matangazo, pengine bila kujua.

“Na wewe umo humu, dada.”

“Nimo.”

“Basi tuandike vizuri. Mama anashukuru kwa daktari. Anasikitika kuhusu mizigo yake. Basi. Na Jumanne mimi ndiye nitakayekuwa pale mezani. Utasoma unavyotaka. Fungua hiyo milango yako yote minane, mimi nitaweka tisini.”

Mtu asidhani Mkalimani alikataa papo hapo kama malaika. Alikaa na lile neno tisini kwa muda wa kutosha kumaliza kiatu cha pili. Aliiona beji yake ya kwanza juu ya mfuko. Aliona pia mapokezi ya mama yake, mgeni aliyetaka ndoo, na mtoto anayerudi na taulo huku anacheka. Kilichomuudhi zaidi, alisema baadaye, ni kwamba huyu bwana, kwa miaka kumi na mmoja, hakuwahi hata siku moja kurudi na kitu alichoagizwa, na hakuna aliyempiga jicho.

“Wewe kwenye hicho Kireno chako,” alimuuliza, “unajua kusema samahani?”

Bendera Tano alirekebisha beji yake ya Kireno.

“Haimo kwenye kadi,” Mkalimani alisema. “Nilidhani labda uliiokota mahali.”

Alichukua karatasi safi, akaandika tafsiri mwenyewe, kurasa mbili kwa kurasa mbili, hakuacha kaka wala udongo wala bendera. Mstari unaomhusu aliuandika kwa herufi zile zile. Chini akatia sahihi yake na namba 0417. Kisha akatoa ile fomu ya ripoti kutoka kwenye mkoba, aliyokuwa akitembea nayo tangu mama aivumbue, akaijaza, akaandika na tarehe halisi ya siku hiyo ili uchelewaji wake uonekane. Vyote vitatu, barua, tafsiri na ripoti, alivipeleka kwa mkuu wa idara kwa miguu yake, saa sita na nusu, nusu saa kabla ya muda.

Kampuni ilishughulikia suala hilo kwa uzito uliostahili, kwa maneno ya kampuni. Mwalimu aliandikiwa barua ya pole, kwa Kiingereza. Bendera Tano alipelekwa mafunzo ya siku mbili ya usikivu, yenye chai, na beji zake zikaachwa kifuani mpaka tathmini itakapokamilika. Tathmini ya lugha zake alipewa msimamizi wa mitihani ya lugha, ambaye ni yeye. Picha yake ilishushwa ukutani Jumatatu na kurudishwa Jumatano, kwa kuwa ukuta ulibaki na doa la mraba na wageni walikuwa wanakuja. Mkalimani alipewa onyo la maandishi kwa kuchelewesha ripoti. Alilisoma, akasema onyo hilo ni la haki, na kwamba ndiyo karatasi pekee ya kampuni aliyowahi kuisoma isiyokuwa na kosa.

Jumanne saa nne asubuhi aliingia chumba namba sita. Kadi ilikuwa ile ile. Bendera Tano alikuwa upande wa pili wa meza, na beji zake tano, akitazama dirisha. Mkalimani alisoma tangazo la kwanza. Alisoma la pili, na alipofika kwenye milango alitua, akavuta pumzi, akawaambia wasafiri wasiokuwepo kwamba iko minane na inafunguliwa hivi. Akaonyesha na kwa mikono, ingawa hakuna alama za mikono. Alisoma la tatu. Akamshukuru mtahini kwa Kireno na kumuuliza kama ana swali lolote. Mtahini akaitikia kwa kichwa mara mbili.

Katika daftari la mitihani, tarehe 17 Septemba, mstari wa nne, imeandikwa: hafuati kadi.

Siku ya mwisho alirudisha sare mbili, mkoba wa magurudumu na kitambulisho cha ndani ya ndege. Mtunza stoo alimuuliza kama kuna beji za kurudisha. Akasema zimebaki kwa dobi. Nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akamwangalia akila, kisha akauliza huko wanakompeleka wageni watakuwa wanasema lugha gani. Mkalimani akasema zote, tena kwa hasira.

“Basi hao ni wateja wako,” mama alisema, akainuka kwenda kutafuta sketi ya bluu ya kupiga pasi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, anaanza kazi kwenye dawati la mizigo iliyopotea, ukumbi wa wanaowasili.